Muulize Anko: Brauni eli yenye ladha ya kimea hasa, naipangaje?

Mwezi huu barua za bia ya kupika nyumbani zimezidi za mambo mengine yote, na karibu zote zinazunguka bia moja, brauni eli (brown ale ya Waingereza), nadhani baridi limeshaanza kuuma huko mliko na watu wanataka kitu cha kahawia cha kujaza mdomo. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana hizo nyingine zinaegemea humohumo, kwa hiyo ukiruka usinilaumu. Wasiotumia kilevi mnivumilie, toleo lijalo tunarudi kwenye mboga za balkoni.

Shikamoo Anko. Mimi ni Mtanzania, naishi Gateshead kaskazini mwa Uingereza. Nimekuwa natengeneza bia za makopo, zile unaongeza maji na sukari tu, sasa nataka kupanga resipe yangu mwenyewe ya brauni eli. Nataka isikike kimea kweli, mkate, karanga, karameli kwa mbali, isiwe chungu. Shida kila resipe ninayokutana nayo ina vimea saba au nane na kila mtu anasema lake. Naanzia wapi? Nina sufuria la lita 40 na mfuko wa kitambaa wa kulowekea nafaka. Alafu mke wangu anauliza kama hii kitu ni halali, hataki polisi mlangoni. Kijana wa Tyne.

Marahaba kijana wangu. Tuanze na mama, mwambie alale usingizi. Uingereza leseni ya kupika bia ya kunywa mwenyewe nyumbani ilifutwa 1963, pika, kunywa, gawia majirani, ila usiuze hata chupa moja, ukiuza umeshaingia kwenye kodi na leseni na mimi hapo simo.

Halafu we uko palepale bia yenyewe ilipozaliwa bwana. Newcastle Brown Ale ilitoka 1927 hapo ng'ambo ya mto Tyne, na enzi hizo ilikuwa mchanganyiko wa bia mbili, moja nzito na nyingine nyepesi. Mwaka 2005 utengenezaji ukahamia upande wenu, Dunston, na lile jina lililokuwa linalindwa na Umoja wa Ulaya kwa ajili ya Newcastle ikabidi lifutiwe ulinzi, maana bia imevuka mto, kisha 2010 ikaondoka eneo lenu la Tyne kabisa ikaenda Tadcaster, kule Yorkshire. Wazee wa hapo utawaona wanaimimina kwenye kiglasi kidogo, chupa iko pembeni, wanaongeza kidogokidogo. Lakini nikwambie ukweli, kama unachotaka ni kimea cha kujaza mdomo usiiige hiyo. Ni bia ya asilimia 4.7, inanyweka vizuri sana, ila ni nyepesi, karanga kidogo na basi. Unachokieleza kiko karibu zaidi na Nut Brown Ale ya Samuel Smith, nayo ya Tadcaster, asilimia 5. Kanunue chupa mbili, moja unywe kabla ya kupika na nyingine uifiche ulinganishe na ya kwako.

Sasa resipe. Hivo vimea saba au nane ni woga tu. Mtu anadhani ladha ya kimea inatoka kwenye vimea vya rangi kwa hiyo anarundika, kristali aina mbili, chokoleti, amba, biskuti, na kipande cha kitu alichobakiza mwezi uliopita, mwisho anapata bia tamu nzito isiyoeleweka inasema nini. Ladha ya kimea inatoka kwenye kimea cha msingi, kile cha njano ambacho ni asilimia 80 ya nafaka yako. Hivi vingine kazi yao ni kukisindikiza. Kwa brauni eli vimea vinne vinatosha kabisa na mimi siongezi cha tano mpaka nijue kwa nini nakiongeza.

Anza na namba kabla hujaenda dukani. Mwongozo wa BJCP, ambao majaji wengi wa mashindano ya bia za nyumbani wanautumia, unaiweka brauni eli ya Kiingereza kwenye graviti ya kuanzia (uzito wa maji ya kimea ukilinganisha na maji matupu, yaani sukari iliyomo) 1.040 mpaka 1.052 na uchungu wa IBU 20 mpaka 30. Sisi tulenge graviti 1.050 na uchungu 24 au 25. Angalia uhusiano wa hizo mbili, uchungu ni kama nusu ya ile 50, na kwa bia ya namna hii hapo ndo ulimi unakutana na kimea kwanza, hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, inakuja nyuma kusafisha. Ukipandisha uchungu ukafika 35 kwa graviti hiyohiyo kimea kinajificha, ukishusha chini ya 18 unakuwa unakunywa sirapu. Watu wanahangaika na nafaka wanasahau kwamba hopsi ndo inaamua kimea kisikike au kisisikike.

Hesabu ya nafaka haitishi. Tunapika lita 20, na ile 1.050 tunaiita pointi 50. Lita 20 mara pointi 50 ni 1,000. Kilo moja ya kimea ina pointi kama 300, lakini mfuko wako hautazikamua zote, chukulia utapata asilimia 70. Kwa hiyo 1,000 gawa kwa 0.7 inakuja kama 1,430, gawa kwa 300, kilo 4.75 hivi. Hiyo ndo nafaka yako yote, sasa tuigawanye.

Kilo 3.8 iwe Maris Otter, na hapa usinibishie. Ni shayiri iliyozalishwa Cambridge miaka ya 1960, baadae viwanda vingi vikaikimbia kwa sababu kuna aina mpya zinazotoa mavuno makubwa zaidi, lakini wapikaji wa eli za Kiingereza wameing'ang'ania kwa sababu ya ile ladha yake ya mkate na biskuti. Ukipika brauni eli kwa kimea cha msingi cha bei rahisi kilichotengenezwa kwa ajili ya laga utakuja kutafuta hiyo ladha kwenye kristali na hutaipata huko. Kwa lita 20 tofauti ya bei ni hela ya chai.

Gramu 450 iwe Munich. Najua ni ya Kijerumani na Mwingereza mwenye msimamo atanuna, anune tu. Munich inaongeza ladha ya ganda la mkate uliookwa bila kuongeza sukari ya kubaki mdomoni, ndo maana naipenda kuliko kuongeza kristali. Usipoipata weka amba, ila gramu 200 zinatosha maana amba ina ukavu fulani hivi, na hizo 250 zilizobaki zirudishe kwenye Maris Otter.

Gramu 350 iwe kristali ya rangi ya kati, EBC 150 hivi (EBC ni kipimo cha rangi). Hapa ndo karameli na tofi zinapotoka. Inakuwa asilimia 7 na kitu ya nafaka. Ukifika asilimia 10 bado unaweza kuponea, ukipita hapo glasi ya kwanza tamu, ya pili inachosha, ya tatu unamwaga kwenye sinki.

Na gramu 150 iwe kimea cha chokoleti, ambacho hakina chokoleti ndani, ni shayiri iliyookwa ikawa kahawia iliyokolea. Hii inakupa rangi pamoja na ile karanga. Asilimia 3 tu! Kwa mchanganyiko huu hesabu ya rangi inakuja EBC 36 hivi, kahawia iliyoiva, ukiinua glasi kwenye taa unaona wekundu. Ukiitaka nyeusi zaidi hiyo ni pota, bia ya aina nyingine, tuandikie barua nyingine.

Sukari je? Eli nyingi za Kiingereza zina sukari ndani na utakutana na resipe zinazosema tia nusu kilo ya sukari ya kahawia. Jua kitu kimoja, sukari ya namna hiyo hamira inaila karibu yote, kwa hiyo haiongezi utamu, inaongeza pombe na kuifanya bia iwe nyepesi na kavu, kinyume na unachotaka. Kwenye bia hii mi siweki.

Hopsi: East Kent Goldings, au Fuggle, zote za Kiingereza, harufu ya udongo na majani na maua kwa mbali. Zikiwa na asidi ya alfa, ile inayoleta uchungu, asilimia 5, weka gramu 35 zichemke dakika 60, inakupa IBU 20, kisha gramu 15 zikiwa zimebaki dakika 15 inaongeza kama 4. Angalia paketi yako, asidi ikiwa 4 au 6 rekebisha gramu, usifuate kipimo changu kama msahafu. Mambo ya kutupia hopsi mwishoni au kwenye ndoo achana nayo, harufu ya machungwa na mananasi haina kazi humu.

Joto la kulowekea kimea ndo watu wengi wanalipuuza. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya viwili vinavyokata wanga, kimoja kinapenda digrii 60 mpaka 65 na kinatoa sukari ndogondogo ambazo hamira inazila zote, kingine kinafanya kazi vizuri karibu na 70 na kinaacha vipande virefu ambavyo hamira haiwezi kuvila, hivyo ndo vinabaki kwenye bia na kuipa mwili. Wewe lenga 68. Kwa sufuria lako pasha maji lita 29 mpaka digrii 71, zamisha mfuko na nafaka, koroga kusiwe na mabonge, joto litashuka lenyewe kwenye 68, funika na blanketi saa nzima. Alafu nyanyua mfuko, uache uchuruzike, chemsha dakika 60. Kipimajoto kizuri usikionee huruma hela, kikidanganya digrii tatu umeshapika bia nyingine.

Maji. Hayo ya bomba kwanza ondoa klorini, nusu ya kidonge cha Campden kwenye hizo lita 29 inatosha, isipoondoka unaweza kupata ladha ya plasta ya kidonda na watu wanasingizia hamira. Pili, kloraidi inaufanya mdomo usikie utamu na unene wa kimea, salfeti inanoa uchungu wa hopsi, kwa hiyo tunataka kloraidi iwe juu. Kalsiamu kloraidi gramu 5 kwenye maji hayo inaongeza kloraidi kama miligramu 80 kwa lita. Kama hii batchi (mpiko mmoja) ndo ya kwanza ya nafaka unaweza kuliruka hili la chumvi, la klorini usiliruke.

Hamira. Chukua S-04, inauzwa kila duka la vifaa vya bia huko, ni ya kavu, inatulia chini ya chupa vizuri na ina utundatunda kidogo wa Kiingereza. Paketi moja ya gramu 11.5 kwa lita zako 20. Iache ichachuke digrii 18 au 19, ikifika 24 siku za mwanzo inaanza kutoa ladha za ajabu, na huko kwenu shida itakuwa kupata joto kuliko kulipunguza, weka ndoo chumba cha ndani mbali na dirisha. Itamaliza kama 1.013, pombe karibu asilimia 4.9. Usiifungie kwenye chupa kwa sababu povu la juu limekata, pima graviti kwa haidromita, rudia baada ya siku tatu, namba ikiwa ileile ndo ufunge, la sivyo chupa zitakupasukia kabatini. Siku ya kufunga ndo unaweka sukari ya mezani gramu 90 kwa lita 20 zote, hii ni ya kutengeneza gesi tu, iyeyushe kwenye maji ya moto kikombe kimoja kwanza. Gesi yake inakuwa ya chini, na ndivyo inavyotakiwa, gesi ikiwa nyingi kama ya soda inakata ladha ya kimea.

Ukishaionja badilisha kitu kimoja tu kwa batchi inayofuata. Imekuwa tamu mno, punguza kristali ifike 250. Imekuwa nyembamba, panda digrii moja ya kulowekea. Haina karanga, ongeza chokoleti gramu 30, si 300.

Niaje Anko. Mimi ni Mkenya niko Minneapolis. Naishi kwa apartment, sina nafasi ya hizo vitu kubwakubwa, niko na sufuria ya galoni 4 na stovu ya umeme. Nilipika brauni ya galoni 3 nikaweka pauni moja nzima ya chocolate malt juu nilitaka ikuwe malty, nikachemsha hiyo nafaka pamoja na kila kitu. Imetoka kama majivu, inakwaruza koo. Mabeshte wamekunywa kwa heshima tu. Nitarekebisha aje? Na kuna njia rahisi bila kuloweka nafaka kilo na kilo? Msee wa Twin Cities.

Poa kijana. Mabeshte wako ni waungwana, pauni moja ya chokoleti kwenye galoni 3 hata stauti nyingi hazifiki huko. Na kuna makosa mawili yamekutana hapo. La kwanza ni hilo la kipimo, chokoleti ikizidi inaacha kuwa karanga inakuwa mkaa. La pili ndo limekukwaruza koo, kuchemsha nafaka. Maganda ya shayiri yakikaa kwenye maji ya moto sana yanaachia tanini, ileile inayokausha ulimi ukinywa chai iliyochemka ikasahaulika jikoni. Vimea vya rangi vinalowekwa kwenye maji ya digrii 65 mpaka 70 kwa nusu saa, unavitoa, ndo moto unapandishwa.

Hiyo iliyoko kwenye chupa iache tu miezi miwili, ukali wa kuokwa unapungua kidogo, ila usitegemee muujiza.

Kwa nafasi yako tumia ekstrakti, ule unga wa kimea uliokwishatengenezwa, wala si aibu. Mfuko mmoja wa pauni 3 wa unga wa rangi nyepesi unakaa vizuri kabisa kwenye galoni 3, na kama duka lako lina uliotengenezwa kwa Maris Otter chukua huo, kwa sababu kwenye ekstrakti ule unga ndo kimea chako cha msingi na yale niliyomwambia kijana wa Tyne yanakuhusu na wewe. Usinunue ule wa rangi nyeusi, huo mtu mwingine ameshakuamulia vimea vya rangi na hujui kaweka nini. Rangi weka mwenyewe: nusu pauni ya kristali ya 60 (hiyo ni Lovibond, kipimo cha rangi cha huko kwenu) na aunsi 3 tu za chokoleti, saga zisiwe unga, funga kwenye kitambaa, loweka galoni 2 za maji nusu saa kama nilivyosema, toa, usikamue. Zima stovu, mimina unga, koroga mpaka uyeyuke kabisa maana ukigusa chini ukaungua umerudi kulekule kwenye majivu, washa tena uchemke. Ongeza maji ya kufika galoni 3 mwisho kabisa. Graviti itakuja kama 1.047 au 1.048.

Hopsi za Kiingereza huko zipo lakini mi ningekuambia tumia Willamette, ni mtoto wa Fuggle aliyezalishwa Oregon akatolewa 1976, freshi na bei yake nzuri. Aunsi moja, robo tatu yake mwanzo wa saa moja ya kuchemsha, robo iliyobaki dakika 10 za mwisho. Wamarekani wenzako wana brauni yao yenye hopsi nyingi za Cascade na mwili mkavu zaidi, Pete's Wicked ya 1986 ndo iliwafundisha wengi kunywa brauni, lakini hiyo ni bia nyingine na umesema unataka malty.

Na kwa kuwa najua utaniuliza, sheria ya shirikisho inamruhusu mtu mzima galoni 100 kwa mwaka, nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Huzifikii hizo kwa sufuria hiyo.

Anko shikamoo. Niko Arusha. Shemeji yangu alirudi kutoka Uingereza na kilo 5 za Maris Otter kwenye begi pamoja na paketi ya hopsi na hamira, vile vimea vya rangi hakuleta. Kwetu ni Wachaga, kimea cha ulezi cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kipo nyumbani muda wote. Naweza kutumia ulezi badala ya hivyo vingine nikapata brauni eli? Na joto la mchana huku litaniharibia? Bibi anasema hata msesewa tunao kama hopsi haitoshi. Mangi mdogo.

Marahaba Mangi, na shemeji yako mpe salamu, kilo 5 za nafaka kwenye begi ni mtu wa maana. Kabla ya yote, ulizia sheria ya pombe hapo ulipo inasemaje, halafu tuendelee.

Ulezi unaweza kuingia, ila hautafanya kazi ya kristali wala chokoleti. Kimea cha ulezi ni kizuri lakini nguvu yake ya kukata wanga ni ndogo kuliko ya shayiri, na wanga wake unataka moto zaidi ndo ulegee. Kwa hiyo usiutupe tu kwenye maji ya digrii 68 ukategemea makubwa. Pika uji wa ulezi kwanza, uji kweli, uive, uache upoe mpaka kama 70 ndo uuchanganye na Maris Otter, vimeng'enya vya shayiri vitamaliza kazi. Kipimo kisizidi nusu kilo kwa kilo 4 za shayiri. Utapata ile ladha ya ulezi na rangi nzuri kwa mbali, ambayo kusema kweli hata Tadcaster hawana.

Rangi na karanga tengeneza mwenyewe kwa hiyohiyo Maris Otter. Toa gramu 600 kabla hujasaga. Gramu 450 tandaza kwenye trei isizidi vidole viwili unene, oveni ya digrii 175, dakika 20 mpaka 25, geuza kila mara, ikianza kunukia kama karanga na biskuti na ndani ukiitafuna imekuwa rangi ya chai ya maziwa, toa. Hizo 150 zilizobaki endelea nazo kwenye kikaango kikavu au oveni palepale mpaka ziwe kahawia ya kahawa, zikianza kutoa moshi mkali umeshapitiliza. Hutapata chokoleti ya kiwandani, wao wana mapipa yanayozunguka, lakini utasogea karibu. Hizi nafaka ulizooka ziweke kwenye mfuko wa karatasi wiki mbili kabla ya kuzitumia, ukizipika siku hiyohiyo zinakuwa na ukali fulani unaokwaruza. Karameli ya kristali hutaipata kwa njia hii, kwa hiyo fidia kwa kuloweka kwenye digrii 69 badala ya 68.

Msesewa muachie bibi kwenye mbege. Ni gome lenye dawa ndani yake, na wanaolitumia wamerithi kipimo mkononi, sasa wewe huwezi kujua gramu ngapi ni IBU ngapi, na uchungu wake unakaa kooni tofauti na hopsi. Hopsi ulizo nazo zitumie zote kwa akili. Arusha mko juu kama mita 1,400, maji yanachemka kwenye digrii kama 95, hopsi inatoa uchungu kidogo pungufu, ongeza asilimia 10 ya kipimo nilichompa kijana wa Tyne.

Joto la mchana ndo la kuangaliwa. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike na taulo lililolowa ncha yake ikiwa ndani ya maji, na tupia chupa mbili za maji ya barafu asubuhi na jioni kwa siku nne za mwanzo, hizo ndo siku hamira inachemka yenyewe na kupandisha joto juu ya lile la chumbani. Baada ya hapo hata ikipanda 22 haidhuru. Ukipika Juni au Julai na baridi lenu lile utasahau kabisa habari za barafu.

Anko, mimi ni mama wa watoto wawili, London. Napenda bia tamu ya kahawia lakini kesho yake naamka saa kumi na moja kwenda kazini, sitaki kilevi kikali. Nikimwongezea maji hii brauni yenu si itakuwa nyepesi tu? Mama Wawili.

Ukiongeza maji itakuwa nyepesi kweli mama, usifanye hivo. London kwenyewe kuna brauni yake ya zamani, Mann's, wenyewe wanasema wameanza 1902, ni tamu, nyeusinyeusi, asilimia 2.8 tu, na ndo unayoitafuta.

Siri ni kupunguza kimea cha msingi peke yake huku vya rangi vikibaki au hata vikiongezeka, kwa sababu pombe ikipungua mwili unapungua na inabidi ufidie. Kwa lita 20 weka Maris Otter kilo 2.4, Munich gramu 350, kristali 500, chokoleti 200. Ndiyo, hapa kristali inafika asilimia 14 na nilishasema juu usipite 10, ila hii ni bia ya graviti 1.036 na bila hivo itakuwa maji. Loweka kwenye digrii 70. Goldings gramu 25 saa nzima, basi, IBU 16.

Hamira usitumie S-04, tafuta Windsor. Hii ina tabia moja nzuri kwako, sukari ya kimea yenye vipande vitatu haiwezi kuila, inaiacha, kwa hiyo bia inamaliza juu, kama 1.014, unabaki na utamu na pombe isiyofika asilimia 3. Ila usije ukaichanganya na hamira nyingine wala kutumia ndoo ambayo haijasafishwa vizuri kutoka batchi iliyopita, maana ile sukari iliyobaki hamira nyingine itaikuta ndani ya chupa na itaila, na chupa hazitakuwa na huruma. Maji ya London ni magumu, kwa bia ya rangi hii yanakubali, we toa klorini tu.

Itakuwa tayari wiki tatu baada ya kufunga. Bia ya pombe ndogo haitunziki muda mrefu, kwa hiyo kama huna wageni pika lita 10, gawa kila kitu nusu, na iliyobaki ya hamira ikunje vizuri uiweke kwenye friji.